Siku 19 za kusubiri jibu la tezi

Mhariri, swali lenu la wiki linasema: "Mtu afanye nini na wasiwasi wakati anasubiri majibu ya hospitali?" Mimi ni fundi cherehani hapa Iringa, mama wa watoto wawili. Mwaka juzi nilisubiri siku 19 kuambiwa shingo yangu ina nini. Nitaeleza nilichofanya na nilipokosea, maana najua yupo mtu anayesoma jarida hili leo huku karatasi ya maabara iko kwenye mkoba wake.

Mambo yalianzia mikononi. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano ya mkono ili nishike vifungo vya shati, uzi ukawa unapita pembeni ya tundu. Nikajisemea ni macho, umri umefika. Lakini tundu nilikuwa naliona vizuri kabisa, vidole ndivyo vilivyokuwa vinatetemeka. Ukafuata moyo, ukawa unaenda mbio hata nikiwa nimekaa. Ilikuwa Juni, na wa Iringa mnajua Juni yetu: saa nne asubuhi watu bado wamejifunika masweta, mimi nimefungua dirisha na jasho linanitiririka mgongoni. Nilikuwa nakula kuliko mume wangu, na bado nikapungua kilo 7 ndani ya miezi miwili. Sketi zangu nilizibana mara mbili.

Kituo cha kwanza waliniambia nina taifodi, nikameza dozi nzima. Kituo cha pili wakasema ni presha na mawazo. Mtaani nao walikuwa na jibu lao, maana mwanamke akikonda ghafla tunajua wote kinachonong'onwa. Nikaenda kupima virusi vya UKIMWI kwa hiari yangu, nikakutwa sina, na minong'ono haikukoma. Aliyenisaidia ni daktari kijana wa hospitali moja. Alisimama nyuma ya kiti changu, akaweka vidole shingoni mwangu, akanipa glasi ya maji. "Meza, mama." Nikameza. Akaniambia tezi ya thairoidi imevimba, akachukua damu. Mashine yao haikuwa na vitendanishi, dawa za kupimia, wiki ile, kwa hiyo sampuli ingesafirishwa. Nikauliza majibu lini. "Tutakupigia."

Neno hilo moja ndilo lililonitesa kuliko kuvimba kwenyewe. Nikilala naiweka simu kifuani, nikioga naiweka dirishani.

Kisha kuna ile karatasi. Daktari alikuwa ameandika pale chini neno moja na alama ya kuuliza: Graves. Binti yangu wa kidato cha tatu aliichukua mezani, akaisoma, akairudisha taratibu bila kusema kitu, akaenda nje. Nilimkuta nyuma ya nyumba analia. Alikuwa ameelewa kwamba mama yake ameandikiwa makaburi, kwa kuwa kwa Kiingereza ndivyo neno hilo linavyosema. Na mimi nikaamini. Usiku ule sikulala. Nilipanga nani atabaki na watoto, cherehani yangu arithi nani, na nguo za wateja ambazo hazijaisha zimaliziwe na nani.

Kumbe Graves ni jina la mtu. Robert Graves alikuwa daktari wa Dublin, na mwaka 1835 aliueleza ugonjwa huu wa tezi kuvimba na moyo kwenda mbio, ndiyo maana ukaitwa kwa jina lake. Hili nililijua kesho yake nilipofunga kibanda na kurudi hospitali kwa miguu yangu kuuliza neno lile maana yake nini. Daktari aliposikia habari ya binti yangu alivua miwani akakaa kimya kidogo. Halafu akachukua karatasi safi, akanichorea.

Akasema tezi hii iko mbele ya koo, ina umbo la kipepeo. Inatengeneza homoni zinazoupangia mwili mwendo: moyo upige haraka kiasi gani, chakula kiunguzwe kwa kasi gani, mwili uwe na joto kiasi gani, hata hasira. Ubongo unaihimiza tezi kwa homoni nyingine, inaandikwa TSH. Tezi ikizidisha kazi, ubongo unaacha kuihimiza, kwa hiyo TSH inashuka huku thairoksini, homoni ya tezi yenyewe, inapanda. Katika ugonjwa wa Graves, kingamwili ambazo zingepaswa kutulinda zinaishika tezi na kuiambia ifanye kazi bila kupumzika. Huwapata wanawake zaidi. Una dawa. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelishika hadi leo: "Mama, homoni zikizidi mwilini, zenyewe zinaleta hofu. Usijilaumu kwa kila unachokisikia."

Nilitembea hadi nyumbani nikilifikiria hilo. Kumbe wasiwasi wangu haukuwa mmoja. Ulikuwepo uliotoka kwenye damu, ule wa kushtuka mlango ukigongwa, wa kuamka saa nane usiku nikisikia moyo ndani ya mto. Huo haukusikia maombi wala maneno ya kutiwa moyo, na watu walipokuwa wananiambia "jikaze" nilikuwa nazidi kuona aibu kwamba nimeshindwa. Na ulikuwepo mwingine uliotokana na kutojua. Kila mmoja ulitaka mambo yake.

Wa kwanza ulitaka dawa. Daktari alikuwa amenipa vidonge vya propranololi siku ileile ya damu, sikuvimeza. Niliona ananitibu kabla hajajua ninaumwa nini. Siku ile ya kurudi nilimwuliza hivyohivyo, akanijibu kwamba vidonge vile havigusi tezi, vinatuliza mapigo na kutetemeka wakati tunasubiri. Aliniuliza tena kama nina pumu, kwa sababu mwenye pumu anaweza kubanwa kifua na dawa hiyo. Sina. Nikameza jioni, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nililala saa tano mfululizo. Siku nne niliteseka na dawa iko kabatini.

Kabla ya vidonge mapigo yangu ya asubuhi, kitandani, yalikuwa 118 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Daktari alinifundisha kuhesabu kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, saa ya simu ikiwa mbele yangu, na kuandika. Nikaandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Hapo nilikosea tena, maana nilihesabu nikiamka, nikila, nikipanda ngazi, nikigombana. Siku moja nilihesabu mara 22, na kila hesabu iliupandisha moyo. Nilipomwonyesha daftari alifuta kwa kalamu akaandika juu: asubuhi na jioni, basi. Mara mbili zilinisaidia. Niliona 118 ikawa 104, ikawa 92, na namba ile ilikuwa kitu cha kushika wakati simu haijalia.

Ule wasiwasi wa pili, wa kutojua, alinisaidia wifi yangu, dada wa mume wangu, anayeuza nyanya sokoni. Alihamia kwetu na kijifuko chake cha nguo bila kuitwa. Kila jioni saa kumi na mbili tulikaa jikoni kuchambua maharage, ananiuliza: "Haya wifi, leo umeogopa nini?" Nilimwambia yote, hata ya aibu, hata la cherehani atarithi nani. Hakunikatiza, wala hakusema "acha kuwaza hivyo." Maharage yakiisha anasimama: "Yaliyobaki ni ya kesho." Mchana hofu ikinijia nilijiambia, hii nitampelekea wifi jioni. Nyingine zilikuwa zimeshasahaulika ikifika jioni. Kwa ambaye hana wifi kama wangu, nadhani hata daftari lingefaa, ila mtu anayekutazama machoni ni kitu kingine.

Nilimpa pia simu yangu yenye intaneti, maana usiku nilikuwa nasoma habari za saratani ya tezi hadi macho yanauma. Daktari alishaniambia kwamba hata vinundu vya tezi, ambavyo ni vya kawaida sana, vingi si saratani, na kwamba ultrasaundi yangu ilionyesha tezi imevimba yote bila kinundu. Lakini ukisoma peke yako saa nane usiku, huchagui yanayokuhusu.

Sasa niseme habari ya mama yangu, na hapa nataka watu wa Nyanda za Juu Kusini wanisikilize. Mama amezaliwa Makete. Huko kwao enzi zake rovu lilikuwa kitu cha kawaida, bibi zake walikuwa nalo shingoni kama kibuyu. Udongo wa milimani una madini joto kidogo, mvua imeyaosha miaka na miaka, na tezi isiyopata madini hayo inavimba ikijaribu kukamata hata kidogo kilichopo. Mimi mwenyewe nakumbuka tukipangwa mstari shuleni kupewa kidonge cha mafuta yenye madini joto, kabla ya sheria ya miaka ya 1990 iliyotaka chumvi ya kula iwekewe madini hayo. Basi mama alipoiona shingo yangu hakuwa na shaka hata kidogo. Akaja na pakiti sita za chumvi na magome ya mti fulani. Akasimama mlangoni hadi nikoroge.

Mama ni mama, huwezi kumwambia hapana kirahisi. Nilimwomba tu aende nami hospitali. Daktari alimwamkia, akampa kiti, akamsifu kwa kuijua rovu, kisha akamweleza kwamba shingo ni ileile lakini ugonjwa si ule. Ya bibi zake ilivimba kwa njaa ya madini joto. Ya kwangu, kama ni Graves, inafanya kazi kupita kiasi, na kuimwagia madini joto kwa wingi kunaweza kuizidisha. Chumvi ya kawaida ya mboga haina shida, ila dozi za ziada, hapana. Na magome hakuna anayejua yana nini. Mama alifikiri sana. "Basi magome nitayatupa, chumvi tutakula wote mdogo mdogo." Tangu siku ile akawa upande wetu, na aliyekuja na ushauri wa mizizi alikutana naye kwanza.

Nilimwumiza mtu mmoja katika siku hizo. Nina binti ninayemfundisha ushonaji. Alikata kitambaa cha mteja vibaya kwa inchi moja, nikamfokea mbele ya watu kwa maneno ambayo sitayaandika. Baadaye nilielewa kwamba hasira ile ilikuwa na mkono wa ugonjwa, lakini yeye hakupaswa kulijua hilo. Nilimwomba radhi mbele ya walewale walionisikia. Nikamweleza ninaumwa nini, hata kutetemeka. Hakusema kitu. Kesho yake nilikuta kwenye kimto cha sindano amezichomeka sindano nane, zote zimetungwa uzi, nne nyeupe na nne nyeusi. Akawa anafanya hivyo kila jioni kabla ya kwenda kwao.

Siku ya kumi nilikwenda kuuliza, majibu bado. Siku ya 19 nikaenda tena. Yalikuwa yamefika tangu siku ya 14. Namba yangu ya simu ilikuwa imeandikwa ikiwa na tarakimu moja pungufu, na siku tano walikuwa wanapiga isipatikane. Nilikaa kwenye benchi nikalia, na sikujua nalilia nini. TSH ilikuwa chini ya 0.01, thairoksini juu sana. Kingamwili walizopima zilithibitisha: Graves. Nilianzishiwa kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi.

Kwa hiyo ninyi mnaosubiri, msitoke kwa daktari na "tutakupigia." Ulizeni tarehe, ulizeni nani atapiga, someni namba yenu ilivyoandikwa, na ulizeni kama tarehe ikipita mje kwa nani. Kama mnatumia vidonge vya nywele au kucha vyenye bayotini, semeni kabla damu haijachukuliwa, vinaweza kuyapotosha majibu. Mwenye mimba au anayedhani anayo, aseme mapema. Na kuna hali ambazo hazisubiri majibu ya mtu yeyote: moyo kwenda mbio pamoja na homa kali, kutapika, kuchanganyikiwa, kubanwa pumzi, au macho kuuma na kuona vibaya. Hapo ni kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Ukishaanza kabimazoli, homa na koo kuuma si mafua ya kupuuza, unarudi ukapimwe damu, kwa kuwa mara chache dawa hiyo hushusha chembe nyeupe za damu.

Dawa haikufanya kazi kwa siku moja. Wiki ya tatu jasho lilipungua, wiki ya sita nilichukua sindano na uzi, nikatunga, ukapita mara ya kwanza. Nilimwita yule binti aone. Jioni ile hakutunga tena. Kimtoni zilikuwa zimebaki sindano mbili za siku iliyotangulia, nyeupe na nyeusi, na hadi leo sijazichomoa.