Kusimika nguzo za kibanda cha mipasheni

Dada uliyeuliza kuhusu nguzo nne za mbao za kutambazia mipasheni huko Kigamboni, kama uzifukie tu au umwage zege: kwa mchanga wa huko, mwaga zege. Mchanga haushiki nguzo, na mipasheni ikishazaa inakuwa mizito, upepo ukija unaisukuma kama tanga.

Nguzo ya mita 3 izame sm 75 hivi, yaani robo. Shimo liwe na upana wa sm 30. Mwagia maji kwanza, la sivyo kuta zinaporomoka. Chini weka kokoto sm 10 ili maji yapite. Halafu zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), ulipandishe kidogo juu ya ardhi na ulilaze mteremko kutoka kwenye mbao. Hapo usawa wa ardhi ndipo nguzo huoza, siyo kule chini.

Mirunda ya ujenzi achana nayo, mchwa wataifurahia. Tafuta nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, zile zinazotoka Iringa. Ukilazimika kukata, upande uliokatwa uende juu, maana dawa haifiki moyo wa mti. Oil chafu wengi wanaipaka, ila mimi siiweki karibu na kitu nitakachokula.

Shika timazi pande mbili nguzo isimame wima, funga mbao za kuishikilia, subiri siku tatu ndipo upigilie boriti za juu. Fundi atakwambia kesho yake inatosha. Mpe chai asubiri.