Siumwi. Kliniki niende kufanya nini?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: vituo vya afya vimeanza kutaja siku za kliniki za uchunguzi, na watu wanashangaa kwa nini mtu mzima akapange foleni na wagonjwa. Nimekuwa muuguzi na mkunga kwa miaka 27, na 19 kati ya hiyo nimeifanya hapa mpakani Busia, Uganda. Nimechagua barua 3. Majina nimeyaacha.

*Sista, pole na kazi. Nina miaka 38, watoto 5, nauza mukene (dagaa) sokoni. Mama wa VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji, alipita akatuambia kila Alhamisi kituoni wanapima kansa ya mlango wa kizazi, bure. Mimi siumwi popote. Mume wangu anasema huko ni kujitafutia ugonjwa, na jirani yangu anasema wanakukata kipande. Niende? Na huko ndani wanafanya nini hasa? – Mama wa mukene, Busia*

Mama, nenda. Nenda Alhamisi hii, usingoje ya wiki ijayo.

Nianze na hilo la kutoumwa, kwa sababu ndilo linalotuponza. Kansa hii ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi Uganda kuliko kansa nyingine yoyote, na mwanzoni haiumi hata kidogo. Inaletwa na kirusi kiitwacho HPV. Kinaambukizwa kwa kujamiiana, na wengi wetu tumeshakipata wakati fulani, mwili ukakifukuza wenyewe bila sisi kujua. Kikikataa kutoka, kinaharibu mlango wa kizazi polepole sana: miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, miaka 5 hadi 10 kwa ambaye kinga yake ni dhaifu, kama mwenye virusi vya UKIMWI asiyemeza dawa. Miaka yote hiyo unauza mukene wako, unazaa, unalima, huhisi kitu. Ukingoja mpaka uone damu baada ya tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu mbaya, mara nyingi ule wakati wa kutibiwa kwa nusu dakika umeshapita.

Dada yangu, tumbo moja, alikuwa akiishi mji mwingine. Alitokwa uchafu kwa miezi 14. Kliniki moja ya mtaani ikawa inampa vidonge na sindano, leo ni fangasi, kesho ni maambukizi. Alipokuja kwangu nilifungua daftari lake la matibabu nikahesabu: alitibiwa mara 6, tarehe zote ziko pale, na hakuna siku hata moja mtu aliyemlaza kitandani akamwangalia. Mara 6! Mimi nilimlaza, nikamulika tochi, na sikuhitaji kuangalia mara ya pili. Alipigwa mionzi katika Taasisi ya Kansa pale Mulago, Kampala. Yu hai, namshukuru Mungu, lakini alikuwa na miaka 36 na mtoto mmoja, na hakuzaa tena. Ndiyo maana nikisikia mama anasema "siumwi" siwezi kunyamaza.

Sasa huko ndani. Njoo na vitu viwili, daftari lako na leso. Usije ukiwa kwenye siku zako, na usijioshe ndani kwa sabuni wala kuweka dawa za miti shamba. Kama umejifungua juzi, ngoja wiki 6. Muuguzi atafunga pazia, atakuuliza maswali machache, kisha utalala chali, magoti juu, leso yako imekufunika. Halafu anaingiza spekula, kifaa kama mdomo wa bata kinachofungua njia ili mlango wa kizazi uonekane. Mimi hukichovya kwanza kwenye maji ya vuguvugu, kwa kuwa chuma cha asubuhi ni baridi, na mwili ukishtuka unajibana, ukijibana unaumia bure. Pumua kwa mdomo. Utasikia kubanwa, si kukatwa.

Kisha anachukua pamba kwenye kijiti, anaichovya kwenye siki iliyopunguzwa makali, asilimia 3 hadi 5, na kuupaka mlango wa kizazi. Inawasha kidogo. Tunangoja dakika moja kamili. Dakika hiyo huwa ndefu kwa mama aliyelala pale, basi mimi humwuliza habari za watoto au bei za sokoni mpaka imalizike. Halafu tunamulika. Mlango wa kizazi ulio mzima unabaki na wekundu wake laini, kama ndani ya shavu. Penye tatizo panageuka peupe, weupe mzito wenye kingo, kama posho, yaani ugali, iliyokauka kwenye mwiko. Ndicho kipimo chenyewe. Unavaa, unapewa jibu palepale, na jibu linaandikwa.

Ukikutwa huna weupe, kwa kawaida unarudi baada ya miaka 3. Mwenye virusi vya UKIMWI tunamwita mapema zaidi, mara nyingi kila mwaka. Doa likiwepo na ni dogo, tunaweza kulitibu siku hiyohiyo kwa kifaa chenye ncha ya moto, sekunde 20 hadi 30. Tumbo litakaza kama la hedhi. Utatokwa majimaji kwa wiki kadhaa, na mume atavumilia wiki 4. Kuzaa utazaa kama kawaida.

Jirani yako hakudanganya kabisa. Tukiona kitu tusichokielewa, tunamtuma mama hospitali ya juu, na huko huchukuliwa kinyama kidogo kama punje ya mchele kipelekwe maabara. Hakuna anayekutoa kizazi siku ya kliniki. Vituo vingine vina njia nyingine pia: unapewa kijiti chenye pamba, unajichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia, na mashine ileile inayotafuta kifua kikuu inatafuta HPV. Ukiwa na aibu ya kulazwa, uliza kama wanacho. Tunawaita hasa wenye miaka 25 hadi 49. Baada ya hapo sehemu tunayotaka kuiona huanza kujificha ndani, na siki haitupi jibu la kuaminika.

Mume wako mwambie mambo mawili. Kukutwa na HPV si ushahidi wa kutoka nje ya ndoa, kirusi hicho hukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na nimeona nyumba zikivunjika kwa kutojua hilo. La pili, kama mna binti wa miaka 10, chanjo yake ya HPV ipo nchi nzima tangu 2015. Tumetoka naye mbali, baba wa aina hii. Mara nyingi akishaelezwa ndiye anayemleta mkewe na boda boda.

Na pesa? Serikali ilifuta malipo kwenye vituo vyake mwaka 2001. Ukiambiwa ulete ya glavu, uliza kwa upole risiti iko wapi, kisha mwone mkuu wa kituo. Asipokusikia, kila kituo kina kamati yake ya usimamizi, na ndani yake wamo watu wa kijiji unaowajua.

*Sista, habari za kazi. Nilikwenda kituoni na homa nikijua ni malaria. Malaria hawakuiona, ila presha ilikuwa 168 kwa 102. Wakaniambia nirudi Jumanne, siku ya kliniki ya presha na sukari. Nina miaka 46, ninaendesha lori kutoka Mombasa hadi Kampala, na nguvu ninazo. Wenzangu wanasema ukianza vidonge vya presha hutoki tena. Je, kuna haja? – Dereva, Malaba*

Kaka yangu, haja ipo, na walikufanyia vizuri kukwambia urudi badala ya kukupa vidonge papo hapo. Homa, maumivu na wasiwasi hupandisha presha, kwa hiyo namba ya siku ile haitoshi kukuita mgonjwa. Lakini 168 kwa 102 si namba ya kuacha mezani. Mstari wetu ni 140 kwa 90.

Jumanne fika mapema. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono wazi bila shati, na usiongee wakati kitambaa kinajaa upepo. Muuguzi akikupima umesimama mlangoni huku ukijibu simu, mwombe arudie. Una haki hiyo.

Kuhusu "hutoki", nitakuambia ukweli. Wengi wanaoanza vidonge wanaendelea navyo maisha yote. Lakini kisichotoka ni presha yenyewe. Kidonge kinaishusha kwa siku ile, ukikiacha inapanda tena, na inapanda bila kukuuma, ukiwa kwenye usukani usiku. Watu wa barabarani nawajua. Mtu anameza wiki 3, anajisikia vizuri, anaacha, miezi ikipita analetwa mdomo umepinda upande mmoja na mkono hauinuki. Ukimwona mwenzako hivyo, au maneno yamemgeuka mdomoni, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Jambo ambalo wanaume hawaliandiki kwenye barua, nami nitalisema: baadhi ya dawa za presha zinaweza kupunguza nguvu za chumbani. Ikikutokea, mwambie muuguzi. Dawa ni za aina nyingi na hubadilishwa. Presha isiyotibiwa nayo inaharibu mishipa ileile.

Kwa kazi yako, omba vidonge vya kutosha safari 2 au 3, na waambie tarehe zako. Dawa za serikali huletwa vituoni kila baada ya miezi 2, basi jaribu kurudi mzigo ukiwa umefika tu, kabla makabati hayajakauka. Chumvi iwe chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye chakula cha hoteli. Kile kilima cha chumvi pembeni ya nyama choma ndicho cha kuanzia. Na ukiwa pale pale Jumanne, pima sukari. Ni tone moja la damu kidoleni.

*Sista, mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa Desemba. Kanisa limetuagiza kipimo cha UKIMWI. Lakini mdogo wake mchumba wangu, baba mmoja mama mmoja, alifariki utotoni kwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mchumba wangu mwenyewe hajawahi kuugua. Tupime pia? Tuanzie wapi? – Bwana harusi, Tororo*

Mwanangu, pole kwa mdogo wenu. Pimeni, na kwenu nyinyi kipimo hiki ni cha lazima sawa na kile cha kanisa.

Mtoto anapata selimundu akirithi kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Kwa kuwa mdogo wake aliugua, wazazi wote wawili wanaibeba. Mchumba wako ni mzima, lakini nafasi 2 kati ya 3 ni kwamba naye anaibeba, yaani ni AS. Wewe je? Utafiti uliopima watoto wachanga nchi nzima mwaka 2014 na 2015 ulikuta asilimia 13.3 wanaibeba, karibu mmoja katika kila 8. Huwezi kujua kwa kujitazama. Mkiwa AS wote wawili, kila mimba, si ya kwanza tu, ina nafasi moja kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa.

Anzieni kituo kikubwa chenye maabara au hospitali ya wilaya. Hapa muwe makini. Baadhi ya vipimo vya haraka vinaonyesha tu kama kasoro ipo, havitofautishi AS na SS, yaani mbebaji na mgonjwa. Semeni mnataka kipimo kamili cha aina ya damu ya selimundu, na kama hawana, waulize sampuli inapelekwa wapi na jibu linarudi lini. Siku hiyo hiyo ombeni na kipimo cha homa ya ini aina ya B, na asiye nayo aanze chanjo: leo, baada ya mwezi 1, kisha miezi 6 tangu ile ya kwanza. Hicho cha UKIMWI ingieni chumba kimoja, mpokee majibu pamoja.

Mkikutwa AS wote, kuoana au kutooana ni uamuzi wenu, si wangu. Nimezalisha wazazi wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wanajua: mtoto alitobolewa kisigino mapema, damu ikakaushwa kwenye karatasi ikapelekwa maabara Kampala, na aliyekutwa na ugonjwa alianzishiwa penisilini na kinga ya malaria kabla hajaanza kuugua ovyo.

Majibu yakija, msiyaache kwenye karatasi ya maabara, hupotea. Kila mmoja aandike kwa kalamu ndani ya jalada la daftari lake, herufi 2 na tarehe. Mkija kwa mkunga na mimba ya kwanza, ataanza kusoma hapo.