Msinibebe, nipeni mteremko

Kwa wanaofungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: nilitembeza wageni katika jumba la makumbusho kwa miaka 19. Mwaka wa ishirini kisukari kikaniondolea mguu wa kushoto, na tangu hapo makumbusho nayaangalia nikiwa nimekaa. Mwezi huu zimekuja barua nne zinazokaribiana, zote za watu wenye ulemavu na makumbusho, nimeziweka pamoja.

Shikamoo Babu. Baba yangu ana miaka 74. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, kisha kiharusi kikampiga na sasa anatumia kitimwendo. Desemba tunatoka Tanga kwenda harusini Dar, naye ameomba jambo moja tu: akaione Rolls-Royce aliyopanda Mwalimu Nyerere. Nikipiga simu Makumbusho ya Taifa niulize nini? Na kaka yangu aliye Mombasa anasema baadaye tumpeleke Fort Jesus. Itawezekana?
*Binti wa dereva, Tanga*

Marahaba mwanangu, na msalimie baba. Amechagua vizuri. Gari lile liliwatumikia kwanza Waingereza waliotutawala, ndipo likamfikia Mwalimu, kwa hiyo lina mengi ya kumwambia dereva. Tena magari yana wema mmoja: hakuna anayeyapandisha ghorofani.

Sasa simu. Usiulize, "Mtu wa kitimwendo anaweza kuingia?" Ukiuliza hivyo utajibiwa, "Karibuni sana, hakuna shida," na atakayekujibu hatakuwa anakudanganya. Kwake yeye shida haipo kwa sababu vijana wa kubeba wapo.

Mimi nilishajibiwa hivyo. Ilikuwa makumbusho ya mkoa fulani, jina naliacha. Nilipofika nikakuta ngazi saba, na vijana wanne wamesimama wananisubiri kwa bashasha kama wanapokea bwana harusi. Wawili wakashika mikono ya kiti, wawili wakashika pa kukanyagia. Sasa, kwenye viti vingi sehemu hizo zimetengenezwa zichomoke, ili mtu aweze kuhamia kitandani. Ngazi ya nne mkono wa kulia ukachomoka. Sikuanguka, maana kijana wa nyuma alinikumbatia kifuani, lakini kiatu changu, hicho kimoja nilichobaki nacho, kilibiringika mpaka kwa watoto wa shule waliokuwa wamejipanga chini. Mmoja akakiokota akaniletea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Maonyesho ya siku ile sikumbuki hata moja. Kiatu nakikumbuka.

Kwa hiyo uliza vitu vinavyohesabika. Kutoka gari linapotushusha mpaka dirisha la tiketi, ngazi ngapi? Chini ni lami, kokoto au mchanga? Mlango mwembamba kuliko yote una sentimita ngapi? Kama kuna lifti, usiulize kama ipo, uliza kama leo asubuhi imefanya kazi. Choo je: mlango unafunguka kwa nje au kwa ndani, na ufunguo anao nani? Akikwambia "subiri nikaangalie", mshukuru, huyo ndiye mtu wa kuongea naye. Andika jina lake, na siku ya safari mpigie tena.

Na kabla ya simu hiyo, chukua tepu ya fundi nguo upime kiti cha baba kutoka ukingo wa gurudumu hili mpaka la pili. Vingi vya watu wazima ni kati ya sentimita 60 na 70. Ongeza nafasi ya vidole vyake, kama anasukuma mwenyewe kwa mkono ule wenye nguvu, maana fremu za milango huchuna ngozi vibaya. Mlango wa 80 atapita kwa uangalifu, wa 90 atapita huku anaongea.

Ikitokea kabisa hakuna njia isipokuwa kubebwa, baba ndiye aamue. Akikubali, washike vyuma vya mwili wa kiti, wasishike mikono wala pa kukanyagia, breki zifungwe, mkanda kama upo ufungwe, na mmoja tu ndiye ahesabu.

Fort Jesus ni habari nyingine. Ngome ile Wareno walianza kuijenga 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, na walijenga makusudi ili watu wasiingie. Waomani wenyewe, wenye miguu miwili na mizinga, waliizingira kuanzia Machi 1696 wakaingia Desemba 1698. Tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa hiyo huwezi kuamka ukavunja ngazi umwage zege. Sikwambii msiende. Nakwambia msiende mkiwa na hesabu ya kuzunguka kila kona. Sakafu zake hazilingani, na juu kwenye kuta, penye mizinga na upepo wa bahari, ni pa wenye kupanda. Mpangie baba uwanja wa ndani, mtafutieni kivuli, mwombe mwongozaji aje akae hapo na picha zake amsimulie. Kisha mzungukeni kwa nje aione ngome kutoka usawa wa bahari, kama walivyoiona waliokuja kuipiga. Kaka yako wa Mombasa aende mwenyewe wiki moja kabla, kwa miguu yake, akiwa na ile tepu.

Babu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi yenye kitengo cha wanafunzi wasioona. Kila mwaka tunakwenda ziara ya makumbusho na kila mwaka watoto wangu watatu wasioona wanashikishwa mkono, wanazungushwa, wanarudi. Kila mahali pameandikwa USIGUSE. Nifanyeje?
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, barua yako imenirudisha kwenye dhambi zangu. Miaka 19 nilikuwa na fimbo ya mwanzi, naonyesha: "Hapa mnaona... na pale mnaona..." Siku moja mzee asiyeona, aliyekuja na wajukuu, akaniuliza kwa upole, "Hapa wapi, kijana?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Usiku sikulala. Toka siku ile nikaanza kujifunza kuongea upya: mtungi unaofika magotini, mdomo wake mwembamba kama wa chupa ya soda, tumbo lake ukilikumbatia mikono haikutani.

USIGUSE ina sababu, jasho la mikono linakula vitu vya kale. Lakini makumbusho mengi yana nakala, za plasta au za resini, na zinalala kabatini kwa sababu hakuna aliyeziulizia. Andika barua mwezi mmoja kabla, uulize swali hili hasa: "Mna nakala gani za kushika?" Omba hasa fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Fuvu lenyewe aliliona Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lina miaka kama milioni moja na laki saba na nusu, na hilo hakuna atakayekupa ulishike. Nakala yake je? Fanya hivi. Kabla hujawapa, waambie watoto waweke vidole kwenye panja, juu kidogo ya masikio, watafune hewa. Watausikia msuli unacheza. Sasa wape fuvu, mkono uanzie utosini. Watakuta ukingo wa mfupa umesimama katikati kama mgongo wa samaki. Hapo ndipo msuli wa kutafuna ulipojishikiza, ulikuwa mkubwa mpaka ukapanda utosini. Kisha washuke kwenye magego, mapana ajabu, halafu meno ya mbele, madogo. Watoto wanaoona watakuwa wamepita kwenye kioo kwa dakika moja, watoto wako watakuwa wametafuna pamoja na Zinja.

Mkifika Dar, nendeni pia Kijiji cha Makumbusho. Wengi wanaijua Makumbusho kama kituo cha daladala, wanashuka, wanapanda nyingine, hawajawahi kuingia. Ndani kuna nyumba za jadi za makabila mbalimbali, na nyumba haina kioo. Wapeleke kwenye msonge wa Wahaya: mtoto anyooshe mkono atakutana na nyasi, afuate nyasi hizo zinavyoshuka mpaka karibu na ardhi, azunguke aone kwamba hakuna kona. Kisha tembe ya Wagogo: ukuta wa udongo, pembe, paa bapa lililobebeshwa udongo. Waulize ni nyumba ipi ya mahali pa mvua nyingi. Watakujibu bila kuambiwa. Ila wavae viatu vya kufunga, ardhi ya kule si ya sakafu.

Na mwongozaji atakapoanza "hapa mnaona", mwulize kwa niaba yangu: hapa wapi?

Babu mambo? Mimi ni kiziwi, miaka 23, natumia lugha ya alama. Nikienda makumbusho ni lazima nije na mkalimani wangu na nimlipie kiingilio?
*Kijana, Arusha*

Poa kijana. Kiingilio, uliza kabla na udai: aliyekuja kukutafsiria hajaja kutalii. Huo si upendeleo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja makumbusho kwa jina. Mwaka uliofuata, 2010, tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya kwetu wenyewe. Andika miaka hiyo miwili kwenye barua yako. Barua yenye tarehe inasomwa na bosi, isiyo na tarehe inaishia mapokezi.

Kama hawana mkalimani na wewe huna, omba maelezo ya ziara kwa maandishi siku moja kabla. Waongozaji wote tuna karatasi tulizokariri, tusikudanganye. Na mwambie mwongozaji mambo mawili: asisimame amelipa mgongo dirisha, uso unageuka kivuli, na asiongee huku anatembea, kwanza akuache utazame kitu, ndipo aeleze, kwa sababu macho yako hayawezi kuwa kwenye mtungi na kwenye mikono kwa wakati mmoja. Ukivuka Namanga kwenda kuona makumbusho ya Nairobi, kumbuka lugha ya alama ya Kenya si ya kwetu, tafuta mkalimani kutoka pande zile.

Babu, ninasimamia makumbusho madogo ya wilaya. Wafanyakazi tuko watatu, bajeti ya ukarabati haipo. Tunataka kupokea watu wenye ulemavu. Tuanzie wapi?
*Msimamizi, Kanda ya Ziwa*

Anzia kwenye kiti cha plastiki. Kaa, kisha zunguka ukumbi wote ukikiburuta, usinyanyuke hata mara moja. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza kwa lazima, si kwa hiari, niligundua kwamba kwenye kabati la shanga, lile nililolisifia miaka yote, mtu aliyekaa anaona kofia yake mwenyewe na taa ya dari. Shanga hazionekani. Macho ya aliyekaa yako kama sentimita 110 hadi 120 kutoka sakafuni. Shusha maelezo yafike hapo, andika kwa herufi nene nyeusi juu ya karatasi isiyong'aa, na yatoe ndani ya kioo.

Mteremko: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 1 na sentimita 80. Ngazi tatu kama hiyo zinataka mita 5 na sentimita 40, na huwezi kuzikwepa. Nimeona sehemu nyingi mteremko wa zege wa mita moja na nusu kwa ngazi tatu, umepakwa rangi na bendera ya uzinduzi juu. Huo ni wa kushushia magunia. Mtu akiujaribu peke yake anarudi kinyumenyume. Kama hela haipo kabisa, angalia mlango wa nyuma wa kupitishia mizigo, mara nyingi hauna ngazi. Lakini ukiufanya mlango wa wageni, ufagie, weka kibao, na wewe mwenyewe uwe unapita hapo.

Weka mabenchi, hata mawili. Wanaohitaji kukaa ni wengi kuliko wenye vitimwendo: wajawazito, wazee, mtu aliyetoka hospitali juzi. Na chagua saa moja ya wiki yenye watu wachache, uwaambie wazazi wenye watoto wa usonji kwamba saa hiyo hakuna spika wala kundi la shule. Haigharimu kitu, ni ubao na chaki.

Halafu nenda kaangalie kile choo chenye picha ya kitimwendo, kama mnacho. Ukikuta humo ndoo, mafagio na kabati bovu la ofisini, vitoe leo. Na ufunguo uning'inie pale pale mlangoni, usiwe mfukoni mwa mtu aliyekwenda kula.