Tufe kubwa la darasani: puto halifai

SWALI: Natengeneza tufe la dunia la kufundishia, upana kama sentimita 60, tupu ndani ili libebeke. Nilibandika magazeti juu ya puto kubwa la sherehe. Likatoka na umbo la embe, na asubuhi nikalikuta limenywea. Je, matufe makubwa hivi yanauzwa, au kuna njia nyingine ya kuliunda?
Mwalimu wa Jiografia, Tanga

JIBU: Mwalimu, madukani matufe makubwa hivyo ni adimu. Maboya ya wavuvi yapo huko kwenu, lakini plastiki yake haishiki rangi vizuri. Puto nalo huwa nene karibu na mdomo, ndiyo maana halitanuki sawasawa, na hewa hupenya polepole kwenye ngozi yake.

Tafuta mpira wa mazoezi, ule mkubwa wa kukalia, saizi ya sentimita 65. Ujaze huku ukiupima kwa uzi katikati, uishie sentimita 199. Tabaka kumi za karatasi zitaongeza karibu sentimita moja, mzingo uwe 200. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, basi kila sentimita ni kilomita 200.

Paka mpira mafuta ya mgando. Tabaka la kwanza liloweshe kwa maji tu, bila gundi, lisigande. Kizibo kizungushie duara la sentimita 12 usilolibandika kabisa.

Gundi: kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vitano vya maji. Koroga unga kwa maji baridi mpaka madonge yaishe, umimine kwenye maji yanayochemka, uive kama uji mwepesi. Kilo moja ya unga inatosha kazi nzima. Wengi huongeza chumvi kuzuia ukungu. Pwani siipendekezi, inavuta unyevu. Afadhali gundi nyeupe ya mbao, robo kikombe.

Karatasi chana kwa mkono, usikate kwa mkasi: kingo zilizochanwa hulala bila kuacha ngazi. Upana sentimita 3 au 4; zaidi ya hapo hukunjamana kwenye mviringo. Tabaka moja gazeti, linalofuata kaki, ili uone palipobaki wazi. Mpira ukae juu ya beseni au ngata nene ya kanga, uugeuze kila mara.

Siku moja tabaka mbili, basi, tena kivulini. Juani hewa ya ndani hutanuka na kupasua karatasi mbichi. Usiku hunywea, yakatokea makunyanzi. Ukungu nao huletwa na haraka kuliko kitu kingine: tabaka la juu likikauka, la chini hufungiwa na maji yake.

Gonga kwa kidole. Likilia kama ngoma pande zote, fungua kizibo polepole, mpira ukilegea uukunje na kuuvuta kupitia shimo. Liache siku mbili tatu likauke ndani, upige msasa na rangi nyeupe ya maji mara mbili.

Shimo ndiyo Ncha ya Kusini, kigoda kitalifunika. Zungushia tufe nyuzi mbili zinazopita katikati ya shimo. Zinapokatana upande wa pili ndiyo Ncha ya Kaskazini. Shuka sentimita 50, chora ikweta. Digrii kumi za latitudo ni sentimita 5.6, kwa hiyo Tanga, latitudo 5 Kusini, iko sentimita 2.8 chini ya mstari. Milima usiiumbe: Kilimanjaro, mita 5,895, kwa kipimo hiki ni milimita 0.3.