Mikimbio Sita ya Upande wa Pili

Mhariri, wiki hii mmetuuliza, katika mechi za testi, yaani kriketi ya mataifa ya siku tano, ni senchuri ipi (mpigaji mmoja kufikisha mikimbio, yaani pointi, mia) ambayo hakuna aliyeitarajia na ambayo hatuwezi kuisahau. Najua barua nyingi zitamtaja Jason Gillespie, na sina ugomvi nazo. Mrushaji yule wa Australia alitangulizwa jioni kule Chittagong, Aprili 2006, awe mlinzi wa usiku, yaani mtu asiye mpigaji anayetolewa kafara saa za mwisho za siku ili wapigaji wenyewe walale salama. Akalinda usiku, akalinda na mchana. Alifikisha mia mbili siku aliyotimiza miaka 31, akabaki na 201 bila kutolewa, baada ya mipira 425. Kabla ya hapo hakuwa amewahi kuvuka mikimbio 54 katika mechi ya testi. Na hiyo ikawa mechi yake ya mwisho ya testi.

Wengine watamwandika Anil Kumble, mrushaji wa India, aliyesubiri mpaka mechi yake ya 118 ndipo akapata senchuri yake ya kwanza na ya pekee, uwanja wa Oval, Agosti 2007. Wengine watamkumbuka kijana wa Bangladesh, Abul Hasan, aliyeingia akiwa mpigaji wa kumi, mahali pa wapigaji dhaifu, katika mechi yake ya kwanza kabisa, mjini Khulna mwaka 2012, akapiga 113. Zote hizo nazipenda. Lakini Gillespie na Kumble walipiga mia zao timu zikiwa zimekaa vizuri, hakuna mwenye haraka nao, na Abul Hasan, pamoja na kazi yote ile, Bangladesh bado walishindwa.

Yangu mimi ni ya Kusal Perera wa Sri Lanka, Durban, Jumamosi tarehe 16 Februari 2019. Na nikimtaja yeye sina budi kumtaja Vishwa Fernando, aliyepata mikimbio sita tu.

Niseme kwanza kwa nini Mkenya anajali Sri Lanka. Nchi yetu haijawahi kupewa hadhi ya kucheza testi. Steve Tikolo, mpigaji bora tuliyewahi kuwa naye, amestaafu bila kucheza hata moja. Kwa hiyo sisi tunaopenda mchezo wa siku tano tunaupenda kupitia timu za watu. Mimi nilivutwa na Sri Lanka kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1996 walitupiga mikimbio 398 kule Kandy katika Kombe la Dunia, halafu tarehe 24 Februari 2003 sisi tukawalaza pale Gymkhana, Nairobi, Collins Obuya akichukua wiketi tano, yaani akiwatoa wapigaji watano, huku akipigwa mikimbio 24 tu. Timu niliyoiona ikishindwa mbele ya macho yangu, na wachezaji wake wakitoka uwanjani wakiwashika mikono vijana wetu kwa heshima, nilianza kuifuatilia na sijaiacha.

Sasa twende Durban. Sri Lanka walifika Afrika Kusini wakiwa hoi. Walikuwa wametoka Australia walikofungwa mechi mbili kwa mbili, nahodha wao Dinesh Chandimal akaachwa nje, na Dimuth Karunaratne akakabidhiwa timu. Perera mwenyewe alikuwa amepigwa na mpira kwenye kofia ya chuma kule Canberra, akatoka uwanjani akiyumba, siku kumi tu kabla ya mechi ya Durban kuanza. Wala huo haukuwa mtihani wake wa kwanza. Desemba 2015 aliambiwa vipimo vimeonyesha dawa zilizopigwa marufuku, akaondolewa kwenye ziara, akakaa nje miezi, mpaka Mei 2016 Baraza la Kriketi la Kimataifa lilipofuta mashtaka kwa sababu vipimo vile vya maabara ya Doha havikuweza kusimama. Miezi hiyo hakuna aliyemrudishia. Alipofika Durban alikuwa na senchuri moja tu ya testi, aliyoipata Harare.

Upande wa pili walikuwepo Dale Steyn, mrushaji aliyechukua wiketi nyingi za testi kuliko wote katika historia ya Afrika Kusini, Kagiso Rabada, na Duanne Olivier ambaye Desemba na Januari alikuwa amewararua Wapakistani kwa wiketi 24 katika mechi tatu. Sri Lanka walitakiwa kufikisha mikimbio 304 kushinda. Siku ya nne ilianza wakiwa na 83, wiketi tatu zimeanguka. Zikafika 110, tano zimeanguka. Perera na Dhananjaya de Silva wakashikana wakaongeza 96, tukaanza kuamini, kisha de Silva akatolewa na Suranga Lakmal akamfuata mpira uliofuata, ubao ukiwa bado kwenye 206. Mpaka kufika 226 wiketi tisa zilikuwa zimeshaanguka, na ya kumi ikianguka timu imekwisha.

Zilibaki 78. Perera alikuwa na 86. Aliyekuja kumshika mkono ni Vishwa, mpigaji wa kumi na moja, mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye katika mechi hiyo alikuwa ameshachukua wiketi nane. Kazi yake ilikuwa imekwisha, na hakuna ambaye angemlaumu kama angetolewa kwa mpira wa kwanza.

Kwa msomaji ambaye hafuati kriketi, nieleze kidogo kilichofuata, maana utamu wote uko hapo. Ova moja ina mipira sita, ikiisha urushaji unahamia upande wa pili. Mpigaji hodari aliyebaki na mwenzake dhaifu anataka mambo mawili: apige yeye mipira minne au mitano ya kwanza, halafu mpira wa mwisho apate mkimbio mmoja avuke, ili ova inayofuata impate yeye tena. Nahodha wa wapinzani, siku hiyo Faf du Plessis, anataka kinyume chake. Anawatawanya watu wake mpaka ukingoni ili hodari apewe mkimbio mmoja mapema na dhaifu abaki na mipira. Hodari anaukataa ule mmoja. Ova inapokaribia kuisha, wadakaji wanasogezwa karibu kuuziba. Ndiyo vita yenyewe, na haionekani kwenye ubao wa matokeo.

Perera aliishinda vita hiyo ova baada ya ova. Wadakaji walipokuwa mbali, aliupiga mpira juu ya vichwa vyao. Katika zamu yake nzima alipiga sita tano (mipira iliyovuka ukingo bila kugusa chini, kila mmoja mikimbio sita) na nne kumi na mbili (iliyovuka ikigusa chini, kila mmoja minne), tena dhidi ya warushaji ambao wapigaji wengi huomba tu wapite salama. Alivuka mia, na bado kazi ilikuwa mbichi. Katika zile 78 za mwisho yeye alipiga 67. Tano zilitoka kwenye mipira ya ziada. Sita zilikuwa za Vishwa.

Hizo sita zilimgharimu mipira 27. Nilikuwa naangalia kwenye simu, nimekaa kwenye ngazi nje ya mlango kwa sababu ndani mtandao ulikuwa unakatika, na kila Vishwa alipobaki mbele ya Steyn au Rabada nilisimama. Mpira mgumu unakujia kwa kasi ya gari la barabara kuu, unaelekea mbavuni, na wewe si mtu wa kazi hiyo. Alijikunja, akauweka mwili nyuma ya gongo, akazuia. Mara ishirini na saba ungeweza kuwa mwisho, na haukuwa.

Nalisema hili nikijua ninachokisema. Nilicheza ligi ya mtaa hapa Nairobi kwa miaka tisa, nikiwa mrushaji na mpigaji wa kumi na moja. Jumapili moja rafiki yangu alikuwa amebaki na 94, hajawahi kufika mia maishani, na nikaingia mimi. Akanijia katikati ya uwanja akaniambia nizuie mipira miwili tu. Wa kwanza niliuzuia. Wa pili ulipita kati ya gongo na pedi nikasikia vijiti nyuma yangu vikianguka, nimetolewa. Alinishika bega tukatoka pamoja, na hajawahi kunisema kwa hilo mpaka leo. Mia hakuipata tena.

Ndiyo maana siwezi kuitazama senchuri ya Durban kama kazi ya mtu mmoja. Perera alimaliza na 153 bila kutolewa, kwa mipira 200, na Sri Lanka wakashinda kwa wiketi moja. Zile 78 zikawa muungano mkubwa kuliko wote wa wiketi ya mwisho kuleta ushindi katika historia ya testi. Rekodi ya awali ilikuwa 57, ya Inzamam-ul-Haq na Mushtaq Ahmed mjini Karachi mwaka 1994. Wiki iliyofuata Sri Lanka walishinda tena Port Elizabeth, wakawa timu ya kwanza kutoka Asia kushinda mfululizo wa mechi za testi katika ardhi ya Afrika Kusini. Mwezi Agosti mwaka huohuo Ben Stokes wa Uingereza alifanya yanayofanana na hayo Headingley, akiwa na Jack Leach aliyepata mkimbio mmoja, na dunia nzima ikaizungumzia. Ile ya Stokes nayo ni kubwa. Lakini Stokes alikuwa nyumbani, umati wote ukimwimbia. Perera na Vishwa walikuwa ugenini, na mtu aliyewapa nafasi asubuhi ile sikumwona.

Mchana ule mpira wa mwisho ulipokwisha nilimpigia simu rafiki yangu yule wa 94. Nikamweleza habari ya Perera kuanzia mwanzo, kofia ya Canberra, sita tano, mia na hamsini na tatu. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Kisha akauliza, “Na huyo wa kumi na moja, ndugu yangu, alicheza mipira mingapi?”

Nikamwambia ishirini na saba.