Muulize Mwalimu: Mkonge upo, viwanda viko wapi?

*Shikamoo Mwalimu. Tunafundishwa kwamba kiwanda hufuata malighafi. Mbona huku Muheza mkonge bado upo, na viwanda vingi vya Tanga mjini vimefungwa? Mwanafunzi wa kidato cha tano, Muheza.*

Marahaba, mwanangu. Aliyekufundisha hajakosea, ila kakuachia njiani. Kanuni hiyo aliifafanua Mjerumani Alfred Weber mwaka 1909: kitu kinachopoteza uzito mwingi kikisindikwa, kisindike kilipo. Mkonge ndio hasa. Kata kilo mia za majani, singa kavu, yaani nyuzi, utakazopata ni kama kilo nne. Nyingine ni maji na masalia. Nani alipie nauli ya maji hadi mjini? Ndiyo maana korona, mitambo ya kuchambua singa, ziko shambani. Mimi nimezaliwa kambini, mtoto wa manamba, kibarua wa shamba la mkonge, na harufu ya masalia yale yakioza naijua hata nikiwa usingizini.

Singa zikishakauka, mambo hubadilika. Robota la katani, yaani singa hizo kavu, halina maji ya kupoteza, kwa hiyo kamba waweza kuisokota Tanga au Ulaya. Hapo kanuni yako haikulindi tena. Mji wetu uliishi kwa kupitisha: reli ilete, matishari yabebe, meli iondoke. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, kutokana na mkonge ulioanzia kwenye miche aliyoleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ambayo 62 tu ndiyo iliyopona safarini. Kisha ikaja kamba ya plastiki. Mkulima wa ng'ambo aliyekuwa akifungia nyasi kavu kwa katani yetu akaona ya plastiki ni rahisi, na bei ikaporomoka. Wapo wanaolaumu utaifishaji wa 1967 peke yake. Uendeshaji ulikuwa na makosa, sikatai, lakini bei ilianza kushuka kabla.

Weber alilichukulia soko kama limetulia mahali pake. Letu liliondoka, shamba likabaki. Saruji ya Pongwe, kwa mfano, haikupata mkasa huo: mawe ya chokaa yapo palepale, na nyumba zinajengwa hapahapa nchini.

Sasa rudi kwenye zile kilo tisini na sita. Mwaka 2008 pale Hale ulizinduliwa mtambo wa kugeuza masalia ya mkonge kuwa gesi ya kufua umeme. Hale si mbali nawe. Mwombe mwalimu wako awapeleke, na mvae viatu vya kufunika, maana miiba ya mkonge haina adabu.