Safari Ikifutwa, Usikae Kimya Kama Mimi

Juzi kijana mmoja anayeendesha mashine ya ofseti ameniandikia: "Kaka, safari yangu ya maonyesho ya uchapaji imefutwa, kazini wanabana matumizi. Nifanyeje?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Amegusa kidonda ambacho hakijapona.

Mimi nimefika drupa mara moja tu, mwaka 2016. Kwa wageni wa fani yetu, hayo ndiyo maonyesho makubwa kuliko yote ya uchapaji duniani. Hufanyika Düsseldorf, Ujerumani, na yalianza 1951. Nilirudi miguu imevimba na begi limejaa karatasi zilizochapwa, nikaapa kwamba safari ijayo sikosi. Yakapangwa 2020, korona ikaingia, yakasogezwa hadi 2021, na mwaka huo yakaishia mtandaoni. Matumaini yangu yote nikayaweka 2024, Mei 28 hadi Juni 7. Pasipoti ilikuwa mkononi. Daftarini nilikuwa na maswali 41.

Mwezi wa tatu tukaitwa ofisini. Safari zote za nje zimesitishwa. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba video zitawekwa mtandaoni, nitaona kila kitu nikiwa hapa hapa. Nikanyamaza, nikarudi kwenye mashine. Kunyamaza kule ndiko ninakokujutia kuliko hata safari yenyewe.

Video nilizitazama, usiku baada ya usiku. Mashine zinapita vizuri, rangi zinavutia. Lakini hakuna anayekukunjia karatasi. Kule 2016 mhudumu wa banda moja alinipa karatasi nzito iliyochapwa kwa tona, yaani wino wa unga, nyeusi tii ukurasa mzima. Nikamwomba ruhusa, nikaikunja katikati na kupitisha ukucha juu ya mkunjo. Nilipoifungua, mstari mweupe ulikuwa umeukata ule weusi kutoka juu hadi chini. Tona imepasuka. Akanionyesha kwamba nimekunja kinyume cha nyuzi za karatasi, tena bila kuipitisha kwanza kwenye mashine ya kutia alama ya mkunjo. Maelezo hayo hayakuchukua hata dakika mbili, na mpaka leo kila jalada ninalochapa nayakumbuka.

Sasa sikia kilichotupata. Baada ya maonyesho ya 2024 kiwanda kikanunua mashine ya inkijeti, ile inayochapa kwa kurusha matone madogo ya wino, kwa kutegemea video na vipeperushi. Ilipofungwa tukaweka karatasi yetu ya kila siku, ile ya kung'aa. Wino wa maji haukushika. Ulikaa juu juu kama jasho. Ukipitisha kidole, kidole kinaondoka na rangi. Karatasi ya namna hiyo mara nyingi hutaka ipakwe dawa kwanza ili wino huo ushike, la sivyo ununue karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya inkijeti. Daftarini mwangu hilo lilikuwa swali namba 7. Namba 7! Wateja wakasubiri, lawama zikashuka kwetu sisi wa mashine, na hakuna aliyekumbuka nani alizuiwa kwenda kuuliza.

Kwa hiyo, mdogo wangu, na wewe msomaji ambaye najua unataka siku moja usimamie kiwanda chako: usikae kimya. Omba tena, kwa maandishi. Taja mashine inayotarajiwa kununuliwa na utakachokwenda kuikagua. Siku mbili zinatosha kwa mtu anayejua anachokitafuta. Wakikataa, mtafute mtu yeyote anayekwenda umpe maswali yako, na umwambie akuletee karatasi zilizochapwa; picha za simu hazitakusaidia.

Wasipokuruhusu kabisa, mwandikie mtengenezaji. Wengi wao wana vituo vya majaribio. Mtumie faili lako na karatasi yako mwenyewe, ile inayokusumbua, maana ya kwake imechaguliwa ili ipendeze. Zikirudi, zikunje, zikwaruze kwa ukucha, lowesha kona moja, kisha zitazame kwa lenzi. Na uulize. Ukijibiwa nusu, uliza tena. Aibu ya kuuliza ni ya siku moja, mashine utakaa nayo miaka.

Na nyinyi mnaoshika fungu la fedha, nawaomba kwa heshima. Najua hali ikiwa ngumu nauli ndiyo ya kwanza kukatwa, kwa kuwa inaonekana wazi kwenye hesabu. Basi muiteni anayeshika wino kila siku kabla ya kutia sahihi ya ununuzi. Hata asiposafiri, asikilizwe.

Drupa ijayo imepangwa Mei 9 hadi 17, mwaka 2028. Zitakuwa zimepita miaka 12 tangu nilipokanyaga kule. Barua yangu ya maombi nimeshaiandika, na safari hii nimeiambatanisha na ile karatasi ya kung'aa yenye alama ya kidole changu.